Hongo ya Sauti

Katika gereji ya Fundi hakuna injini iliyowashwa kabla dereva hajanguruma kwa mdomo wake mwenyewe. Ulifika na lori, ukazima, ukashuka, ukasalimia. Kisha ukasimama mbele yake juani, mtu mzima mwenye leseni ya magari makubwa, ukaimba kelele iliyokuleta.

"Imba," alikuambia, huku anajifuta mikono. Aliinawa kabla ya kazi, si baada. Alisema mkono mchafu hausikii mtikisiko.

Wageni walidhani anawafanyia mzaha. Wengine waliona haya, wakasema tu, "Inapiga kelele, Fundi." Naye aliwajibu kwamba hata mbuzi anapiga kelele, na hajawahi kufungua mbuzi.

Tulimwita Fundi, basi, kana kwamba Tabora nzima haikuwa na mwingine. Gereji yake ilikuwa Ipuli, uwanja wa mchanga uliozungushiwa mabati, na katikati yake shimo la kuingia chini ya magari ambalo alilifagia kila asubuhi. Alitengeneza kila kitu cha lori la dizeli, lakini madereva wa njia ndefu tulimfuata kwa jambo moja hasa, nalo ni breki ya ekzosi.

Kwa asiyeijua, nieleze. Dereva hubonyeza swichi pembeni ya usukani. Upepo wa breki husukuma silinda ndogo chini ya gari, nayo silinda huzungusha kibao cha chuma kilichomo ndani ya bomba la moshi. Bomba linazibwa, moshi unakosa njia, injini inakabwa, na lori linapunguza mwendo bila breki za magurudumu kuguswa. Ikiwa nzima, inatoa mngurumo mzito wa kujizuia, kama mtu anayekataa jambo huku amefunga mdomo. Ikiwa na hitilafu, sauti hubadilika.

Tabora ni tambarare. Unaweza kuendesha wiki nzima usiihitaji breki hiyo. Lakini mimi nilipeleka mchele mashariki na kurudi na saruji, na anayerudi na saruji kutoka Singida lazima ateremke mlima mkali wa Sekenke. Pale, breki za magurudumu zikitumika peke yake, zinapata moto hadi zinaacha kushika. Kwa hiyo kelele ngeni ya breki ya ekzosi si suala la masikio kuudhika. Ni suala la kufika Igunga au kutofika.

Fundi alikuwa Mnyamwezi. Mimi ni Mgogo, ingawa nimekaa Ipuli miaka mingi kuliko niliyokaa kwetu. Makabila yetu ni watani, na utani huo ulizaliwa barabarani. Enzi za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo kati ya Unyanyembe na pwani walikuwa hawana budi kupita Ugogo, nchi yenye ukame, na watemi wa huko waliwatoza hongo, yaani ushuru wa kupita na kunywa maji. Vitukuu vyao tunachekana hadi leo. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, nawe huna ruhusa ya kununa.

Siku ya kwanza nilipofika kwake, nilitoa heshima yangu yote.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Sauti hiyo ni ya Ugogo. Umekuja kuomba maji au kuyauza?"

"Nimekuja na lori, Fundi. Naona nyinyi bado mnabeba kwa mabega."

Mafundi wenzake waliacha spana zao ili wasikie. Yeye alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyepewa chumvi ya kiasi kizuri.

"Babu zako waliwatoza babu zangu hongo ya maji," alisema. "Leo na mimi nakutoza. Hongo ya sauti. Imba."

Niliimba. Nilikuwa na kelele ya *chwe-chwe-chwe* iliyokuja kila nilipobonyeza swichi. Aliniuliza kama inakuja mara moja au inachelewa kidogo, kama inabaki nikiachia, na kama gari likiwa tupu inakuwa ileile. Baada ya hapo alilala chini ya lori, injini ikiwa baridi, akashika mhimili wa kile kibao kwa vidole viwili na kuutikisa. Ulicheza. Bushi, ile pete inayoushika mhimili, ilikuwa imelika. Hakuwa amegusa spana bado.

"Spana ni ya mwisho," alisema. "Anayeanza kwa kufungua humaliza kwa kutafuta boliti."

Nimesoma vitabu vya magari peke yangu, kwa kamusi, jioni baada ya jioni, na naweza kusema utaratibu wake haukuwa na uchawi wowote. Alitazama masizi kwenye viungo vya bomba, kwa sababu moshi unaovuja huacha alama nyeusi. Alipaka povu la sabuni kwenye mipira ya upepo, akangoja mapovu. Mwisho kabisa aliruhusu injini iwashwe, naye akasikiliza kwa fimbo ya chuma iliyokanyaga bomba upande mmoja na mfupa wa sikio lake upande wa pili. Mara nyingi fimbo ilithibitisha tu kile dereva alichokwisha kuimba.

Nilimuuliza kwa nini asianze na fimbo, kama jibu liko pale pale.

"Fimbo inajibu swali," alisema. "Dereva ndiye anayelileta."

Tajiri mmoja mwenye malori matatu alikuja na simu. Alikuwa ameirekodi kelele, safi kabisa, na alitaka kuicheza ili asijiaibishe. Fundi aliirudisha simu bila kuisikiliza.

"Simu inasikia kila kitu," alimwambia. "Dereva anasikia kile kinachomtisha. Mimi nahitaji hicho cha pili. Niletee dereva wako."

Alikuja mwingine, mwimbaji wa kwaya, akaiimba kelele ya gasketi iliyotoboka kwa sauti nyororo hadi mama muuza maandazi akapiga makofi. Fundi alimsikiliza hadi mwisho. "Hiyo ni sauti ya Jumapili," alisema. "Nipe ya Jumatatu."

Yeye mwenyewe hakuimba. Hili sikulielewa kwa muda mrefu. Alikuwa Mmoraviani wa kila ibada, shati jeupe, kofia yake ya kitambaa cheusi mapajani, na nyimbo zilipoanza alisimama na wote, akafungua kitabu, akafunga mdomo. Mchungaji alipomuuliza, alisema ameshasikia kelele siku sita na ya saba anapumzika. Redio ilikatazwa gereji, ila nyumbani alilala na redio ndogo kifuani, inaongea hadi betri inakwisha. Alirekebisha malori yaliyofika hadi mipaka ya nchi, na hakuwahi kupanda hata moja. Alikwenda kila mahali kwa baiskeli. Ukimpa lifti alikuambia, "Mimi nayajua yalivyo ndani."

Vitabu vyangu alividharau hadharani. "Hicho kitabu chako kimesikia lori la nchi gani?" aliniuliza, na watu walicheka. Lakini siku moja nilifungua sanduku lake la vifaa kumtafutia kisu, nikakuta ukurasa mmoja niliomnakilia kwa mkono, mchoro wa breki ya ekzosi wenye tafsiri yangu ya Kiswahili. Ulikuwa umekunjwa mara nne na kufungwa kwenye nailoni. Nilifunga sanduku. Hakuna aliyelitaja jambo hilo, si yeye wala mimi.

Sasa nieleze kosa. Lilikuwa letu sote wawili, na nimelipima mara nyingi ili nisimpe yeye sehemu kubwa kuliko yake.

Miaka mitano baada ya siku ile ya kwanza, alinibadilishia bushi tena. *Chwe-chwe* ikaisha. Nilikwenda Nzega na kurudi, na njiani nikasikia kitu kipya: kila nikibonyeza swichi, pigo moja chini ya miguu. *Tok.* Halafu kimya. Nilikuwa naondoka kwenda kupakia, mke wangu akiwa amekwisha panda, kwa kuwa alikuwa na msiba wa dada yake Mpwapwa na nilimpitisha hadi Dodoma. Nikasimama gereji dakika chache. Walikuwa wanakula, wamejaa kivulini mwa mabati, na utani umepamba moto. Nikasema kupitia dirishani:

"Fundi, breki yako sasa inagonga kama Mnyamwezi anayetua mzigo!"

Walipasuka kwa kicheko. Fundi hakusita hata kidogo.

"Ameutua kwa sababu amefika Ugogo. Maji yanauzwa!"

Nikacheka, nikaondoka.

Nilikuwa na wasiwasi, na nikauvisha nguo ya utani kwa sababu ilikuwa rahisi kuusema hivyo mbele ya watu. Naye aliupokea kama utani kwa sababu ndivyo ulivyokuja. Katika utani, anayeuliza "Unasema kweli?" ameshindwa. Hakuna kati yetu aliyetaka kushindwa.

Wiki moja baadaye tulikuwa tunarudi na saruji, mke wangu kando yangu. Juu ya Sekenke niliweka gia ya tatu, ileile ambayo ningepandia, maana ndivyo nilivyojifunza. Nikabonyeza swichi. *Tok*, na baada ya hapo mngurumo haukuja. Nikabonyeza tena. Hata ile *tok* haikuwepo. Lori lilianza kuisukuma injini. Nilitumia breki za magurudumu kwa kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, na kufikia kona ya pili harufu ilikuwa imeingia ndani. Kufikia ya tatu pedali ilikuwa laini. Gia ya tatu ndiyo iliyotuokoa, pamoja na sehemu moja pana upande wa mlima ambako niliweza kuliegemeza lori kwenye tuta la changarawe. Moshi wa magurudumu ulitupita kwa mbele.

Mke wangu hakupiga kelele. Alifungua mkono wake uliokuwa umeshika mlango, akautazama kiganja.

"Fundi wako ulimwambia?" aliuliza.

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Alicheka."

"Na wewe?"

"Nilicheka."

Nilichukua tochi, nikashuka.

Chini ya gari nilikuta breketi inayoishika silinda ya upepo imekatika kabisa. Ufa ulikuwa wa zamani, kutu upande mmoja, chuma kipya upande wa pili. Silinda ilikuwa ikisukuma, lakini badala ya kukizungusha kibao ilijisukuma yenyewe nyuma na kugonga chasisi. Pigo moja kila nikibonyeza. Kilikuwa kitu cha kuonekana kwa tochi katika nusu dakika.

Niliingia gereji nimeishika ile breketi mkononi, sikusalimia. Nilimweleza mbele ya wote. Nilitarajia ajitetee, na nilikuwa nimeandaa majibu. Yeye alichukua kile chuma, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye kutu.

"Mama yuko salama?"

"Yuko salama."

"Ulisema 'anayetua mzigo'," alisema polepole. "Mzigo ukituliwa hugonga mara moja, hausuguani. Bushi husuguana. Breketi hugonga mara moja." Alikaa juu ya tairi. "Uliniimbia sawasawa, Mgogo. Ulilipa hongo yote. Mimi ndiye ambaye sikuihesabu."

"Niliilipa kwa kucheka," nilisema.

"Ndiyo. Na hilo nalo ni kosa."

Akavua kofia yake, ile nyeusi, akaiweka juu ya bampa ya lori langu. Hatukuwa tumewahi kumwona gereji bila kofia. Kichwa chake kilikuwa na kipara kidogo cha mviringo ambacho siku nyingine kingetulisha utani wa wiki nzima.

"Kuanzia leo," aliwaambia wote, "utaneni mnavyotaka. Lakini kofia hii ikiwa chini, hakuna mtani hapa. Ikiwa chini, dereva anaimba mara ya pili, na mara ya pili ni ya kweli."

Ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo. Utani haukupungua hata chembe. Madereva wa Kizaramo walikuja kumtukana kama kawaida, naye akawarudishia kwa riba. Kisha kofia ikavuliwa, ikawekwa kwenye bampa, na uwanja ukanyamaza. Nilishuhudia dereva mmoja jasiri, aliyeimba mara ya kwanza kama mlevi, akiimba mara ya pili kwa sauti ndogo hadi Fundi akalazimika kumsogelea. Mtu huyo alikuwa ameendesha mwezi mzima akiogopa, na hakuwa amemwambia hata mkewe.

Mara ya pili ilikuwa ndiyo gereji yenyewe. Yale mengine yalikuwa mapokezi.

Alipoacha kazi aliwaachia mafundi wake ule uwanja, akahamia shamba lake Ntalikwa kulima karanga na mahindi, akiishi na binti yake. Nilimtembelea nilipoweza. Mwaka huu, mvua zilipokatika, nilipita na lori tupu kumsalimu.

Binti yake alinipokea na sahani ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Alinong'ona kabla sijaketi.

"Baba anakohoa, kaka. Ukimuuliza anakuambia ekzosi imetoboka. Zahanati hataki hata kuisikia."

Nilimwona akija kutoka shambani. Alikuwa anaikokota baiskeli, haipandi. Kutoka kwenye ukingo wa shamba hadi kwenye benchi ni hatua kama sitini, naye alisimama mara mbili, mkono juu ya tandiko, akijifanya anatazama mahindi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba," alisema, akaongeza salamu ya Kinyamwezi. "Mwangaluka, muuza maji. Umesikia nimevuna, umekuja kutoza?"

"Nimekuja kuona kama bado unabeba. Naona siku hizi hata baiskeli ni wewe unayeibeba."

"Gari la zamani," alisema, akaketi, akakohoa, akajipigapiga kifua. "Bomba limetoboka. Moshi lazima utoke mahali."

Nilicheka. Kisha nikakisikia kicheko changu, na nikakifahamu. Nilikuwa nimekicheka mara moja, Ipuli, nikiwa kwenye dirisha la lori.

Nilivua kofia yangu. Niliinuka, nikaiweka juu ya tandiko la baiskeli yake.

"Imba," nikamwambia.

"Mgogo, unanitoza mimi kwa sheria yangu?"

"Ndiyo, Fundi."

"Mbele ya binti yangu?"

"Ulitutoza mbele ya muuza maandazi."

Midomo yake ilitaka kujibu, na najua jibu lingekuwa zuri. Lakini macho yalikwenda kwenye kofia, yakabaki pale. Taratibu akaivua yake, akaishika magotini. Akaimba. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akiimba kitu chochote. Ilikuwa pumzi ndefu, mluzi mwembamba mwishoni mwake, na chini ya mluzi kitu cha majimaji, kama bomba linalovuta hewa pamoja na maji.

"Inakuja nikilala chali," alisema. "Nikikaa inaacha. Kwa hiyo nalala nimekaa. Na miguu jioni inajaa, viatu haviingii."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipopanda karanga."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi. "Baba! Mimi uliniambia unakaa usiku kusikiliza redio!"

"Redio pia nilisikiliza," alisema, bila kumtazama.

Nilimwambia twende mjini sasa hivi. Nilijua atasema nini kuhusu malori, kwa hiyo nilifungua mlango wa abiria kabla hajasema. Alisimama chini, akaitazama ile ngazi, kisha akaupitisha mkono chini ya bampa, akagusa breketi ya silinda na kuitikisa mara mbili. Haikucheza. Akapanda. Binti yake akaketi katikati yetu.

Karibu na mjini, kwenye mteremko mdogo usiohitaji breki yoyote, nilibonyeza swichi kwa makusudi. Mngurumo ulikuja, mzito na sawa. Fundi alikuwa amefumba macho.

"Bushi inaanza," alisema. "Ndogo. Imebakiza miezi miwili."

"Nitaibadilisha."

"Usicheke tu."

Daktari alikuwa dada mdogo kuliko binti yake, mpole, mwenye foleni ndefu nje. Alimkalisha kitandani, akavaa kipimo chake masikioni, akamwambia afungue shati na avute pumzi. Fundi akainua kiganja, kilekile alichotuinulia sote tulipokimbilia kuwasha injini.

"Subiri, mwanangu. Hicho kitasikia kila kitu. Kwanza nikuimbie mimi."

Daktari alinigeukia. Nilikuwa nimesimama mlangoni, kofia mbili mkononi. Alimtazama tena mzee, akakitoa kipimo masikioni, akakiacha kining'inie shingoni, akavuta kiti karibu na kitanda.

"Haya, babu," alisema. "Imba."